NYEKUNDU NA WARIDI KATIKA NGUO MOJA

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Babati mjini. Limechapwa ili lisomwe darasani baada ya kusikilizwa.

Nawasalimu nyote mliokwisha kukaa darasani jioni hii, na ninyi mama zetu na dada zetu mnaosikiliza nyumbani huku cherehani imefunikwa pembeni. Mabwana nao wasiondoke. Mafundi wengi wa mji huu ni wanaume, na somo la leo ni lao pia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: nyekundu, waridi, damu ya mzee, jora, kuchuja. Wanafunzi yaandikeni katika madaftari yenu. Nitanyamaza kidogo.

Haya. Maneno hayo mnayajua kwa masikio. Leo tutayajua kwa macho. Waridi ni ua, na pia ni jina la rangi ya ua lile. Watu wengi mjini husema pinki. Yote mawili ni sawa. Mimi nitasema waridi, lakini ukienda dukani uliza pinki, utaeleweka upesi. Damu ya mzee ni nyekundu iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Jora ni kitambaa kizima kilichoviringwa, kabla hakijakatwa. Kuchuja ni kule kitambaa kutoa rangi yake majini.

Sasa jambo lenyewe. Kuna msemo mwingi wa mafundi kwamba nyekundu na waridi hazikai pamoja, kwamba zinagombana. Mteja akija na vitambaa hivyo viwili, fundi hukunja uso na kumshauri achague nyeupe. Mimi nasema ushauri huo ni wa uvivu. Rangi hizi mbili hukaa pamoja vizuri sana, lakini zina masharti, na asiyeyajua masharti hupoteza fedha.

Chukueni mfano. Akina mama 12 wamekubaliana kushona sare kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti. Kila gauni litakula mita 3: mita 2 za nyekundu, na mita 1 ya waridi kwa mikono, mkanda na kilemba. Tuseme, kwa hesabu tu, mita moja ni shilingi 4,000. Mita zote ni 36, yaani 24 za nyekundu na 12 za waridi. Zidisheni wenyewe: 36 mara 4,000 ni shilingi 144,000, na bado hatujamlipa fundi. Fedha hizo zimetoka katika vitunguu, katika mahindi, katika samaki wa ziwa letu. Kitambaa kikishakatwa mwenye duka hakipokei tena. Kama rangi zimekataana, au kama nyekundu imechuja juu ya waridi siku ya kwanza ya kufua, hakuna wa kumdai.

Basi tuanze mwanzo. Waridi ni nini?

Wale wanaotengeneza batiki wanajua jibu. Ukitia unga wa rangi nyekundu kwa wingi katika beseni, ukachovya kitambaa cheupe, hutoka nyekundu. Ukitia unga ule ule kidogo sana, hutoka waridi. Haikuongezwa rangi nyingine yoyote. Ni nyekundu iliyo chache, na weupe wa kitambaa unaonekana katikati yake. Kwa hiyo waridi ni mtoto wa nyekundu, wala si mgeni wake.

Hata bila beseni mwaweza kuliona jambo hili. Tazameni kitambaa cha miraba ya nyekundu na nyeupe, kile kinachotandikwa mezani hotelini. Kiwandani wametumia nyuzi za rangi mbili tu. Lakini macho yako yanaona rangi tatu: mraba mwekundu, mraba mweupe, na mraba wa waridi. Ule wa waridi umetoka wapi? Ni pale nyuzi nyekundu zilipopishana na nyuzi nyeupe. Ukisogeza kitambaa karibu na pua utaona nyuzi moja moja. Ukienda mbali, zinachanganyika machoni na kuwa waridi. Na hakuna mtu aliyewahi kusema kitambaa kile kinagombana.

Wachapaji wa kanga wanaijua hila hiyo tangu zamani. Kila rangi inayochapwa inahitaji kibao chake au kichapio chake, na kila kimoja ni gharama. Kwa hiyo kanga ina rangi chache tu. Ili kupata waridi bila kulipia rangi ya ziada, huchapa vidoa vidogo vyekundu, au mistari myembamba, juu ya weupe. Ukiwa umesimama upande wa pili wa barabara, unaiona waridi.

Sasa mtauliza: kama waridi ni mtoto wa nyekundu, ugomvi unatoka wapi? Unatoka hapa. Nyekundu si moja. Ziko koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni nyekundu yenye umanjano ndani yake. Ni nyekundu ya nyanya iliyoiva na ya pilipili, na ya ua la mkrismasi, ule mti unaowaka mwekundu mwishoni mwa mwaka. Ukoo wa pili ni nyekundu yenye ubuluu ndani yake. Hiyo ni nyekundu ya maji ya rozela, inayoelekea zambarau. Damu ya mzee aghalabu huwa upande huu, ingawa iko nyingine yenye uhudhurungi ambayo hurudi ukoo wa kwanza.

Waridi nayo ina koo zile zile. Iko waridi ya papai bivu na ya nyama ya pera, yenye joto na umanjano. Iko waridi ya bogenvilia, ile inayopanda kwenye nyua za nyumba nyingi hapa mjini, kali na yenye zambarau. Weka waridi ya papai kando ya nyekundu ya nyanya, zitapatana mara moja kama mama na mwana. Weka bogenvilia kando ya rozela, vivyo hivyo. Lakini weka waridi baridi na hafifu ya zambarau kando ya nyekundu ya nyanya: ile nyekundu itaonekana ya machungwa, na ile waridi itaonekana chafu, kama nguo iliyofuliwa na soksi za shule. Hapo ndipo fundi anapokunja uso, na hapo ana haki. Kosa lake ni kuuhukumu ukoo wote kwa sababu ya ndoa moja mbaya.

Utajuaje kitambaa ni cha ukoo gani? Macho peke yake hudanganyika. Nenda dukani na kipande cha kitambaa cheupe kabisa, kama kiganja. Weka vile vitambaa viwili juu yake, kisha uliza: hiki kinaelekea manjano, au kinaelekea zambarau? Kitambaa kikiwa peke yake hakisemi. Kikilinganishwa na kingine, husema.

Tena, toka nje. Nasema tena: toka nje ya duka, ukasimame mlangoni penye mwanga wa jua. Taa za dukani si jua. Vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vyaweza kufanana sana chini ya taa, na mbele ya jua vikaachana kabisa. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika ukiomba kukitoa nje kitambaa chake. Na jambo hili halifai kufanywa jioni. Kiza kinapoingia, nyekundu ndiyo hutangulia kuzimika machoni petu. Huonekana nyeusi wakati bluu bado inang'aa. (Wenye kutembea kando ya barabara kuu ya Arusha au Singida saa moja usiku, shuka jekundu halikulindi. Hilo nalitaja njiani tu.)

Wanafunzi, pumzikeni kidogo na kalamu zenu. Nitawaeleza nyekundu hizi zimefikaje kwetu.

Wekundu wa kwanza wa nchi hii ulikuwa udongo. Udongo mwekundu una kutu ya chuma ndani yake, na kutu hiyo ndiyo rangi. Wamasai waliusaga wakauchanganya na mafuta, wakajipaka mwilini na katika nywele, na nguo zao zikachukua rangi ile ile. Jirani zetu Wabarabaigi, ambao wengine huwaita Wamang'ati, wamevaa kwa vizazi vingi ngozi zilizolainishwa, zenye rangi za udongo.

Kisha zikaja nguo za misafara. Katika karne ya 19 wachukuzi kutoka pwani walibeba vitambaa vya aina nyingi, na vitatu ndivyo vilivyojulikana zaidi: amerikani iliyokuwa nyeupe ya pamba, kaniki iliyokuwa ya buluu nzito, na bendera iliyokuwa nyekundu. Ndiyo, bendera lilikuwa jina la kitambaa. Na bendera ya Sultani wa Zanzibar wakati ule ilikuwa nyekundu tupu, haina alama yoyote.

Wekundu mzuri wa pamba siku zile ulitoka katika mizizi ya mmea uliolimwa Asia na Ulaya, na kazi ya kuutia katika kitambaa ilikuwa ndefu na ghali. Mambo yalibadilika kwa haraka. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Perkin, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, hali alikuwa anatafuta dawa ya malaria. Mwaka 1859 Mfaransa François-Emmanuel Verguin akapata kwa njia kama hiyo waridi kali yenye zambarau, na rangi hiyo ikaitwa magenta kwa jina la mji wa Italia palipopiganwa vita mwaka ule ule. Mwaka 1869 nyekundu ya mizizi nayo ikatengenezwa viwandani, na mashamba ya mizizi yakafa. Tangu hapo nyekundu ikawa rahisi, na waridi kali, ambayo zamani ilikuwa shida kuipata, ikawa ya kila mtu.

Kanga ilizaliwa katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ya 19, huko Zanzibar na Mombasa. Mnajua sehemu zake: pindo lizungukalo pande nne, mji wa katikati, na jina, yaani yale maandishi. Iko kanga ya kisutu, ya harusi, ambayo ni ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Itazameni vizuri siku mkiipata. Nyekundu haikuachwa iguse kila kitu. Pana mstari mweusi hapa, weupe pale, kama kiambaza kati ya vyumba. Huo ndio ufundi ninaotaka muuchukue leo. Nyekundu na waridi zikiwa na wasiwasi kati yao, tia uzi mweupe, au mweusi, au hudhurungi katikati, upana wa kidole kimoja tu. Kila moja hupumua.

Huko Ulaya, mafundi wakubwa walisema kwa muda mrefu kwamba nyekundu na waridi hazivaliwi pamoja. Mwanamke mmoja mshoni wa Paris, Elsa Schiaparelli, mzaliwa wa Italia, alitoa mwaka 1937 waridi kali mno akaifanya kuwa alama ya duka lake, na watu wakashtuka. Bara Hindi hawakuwa na haja ya kushtuka. Bibi harusi wa huko huvaa nyekundu na waridi na dhahabu kwa pamoja, na haulizi mtu ruhusa. Na sisi tusisahau wafugaji wetu. Katika siku ya mnada utaona kijana wa Kimasai amejifunga shuka jekundu la miraba, na juu yake jingine la waridi. Amesimama na fimbo yake, na hakuna anayethubutu kumwambia kuwa waridi ni ya wanawake.

Lakini wekundu huo haukuheshimiwa siku zote. Mwaka 1968 wakuu wa Mkoa wa Arusha, ambao wakati ule ulikuwa na Babati ndani yake, waliwakataza Wamasai kufika mijini wakiwa na mashuka yao na udongo mwekundu mwilini. Waliona mavazi yale ni aibu mbele ya wageni. Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002, na leo shuka lile lile huuzwa kwa wageni uwanja wa ndege kama kumbukumbu ya nchi. Mimi naona wazee walioshindwa kuingia sokoni mwaka ule walijua rangi kuliko wale waliowazuia.

Haya, turudi kwenye sare zetu. Koo tumezijua. Sasa kipimo.

Rangi hizi mbili zisigawane nguo nusu kwa nusu. Zikilingana, jicho halijui litue wapi, na mvaaji huonekana kama amekatwa kiunoni. Moja iwe nyumba, nyingine iwe mlango na madirisha. Katika mfano wetu nyekundu ni mita 2 na waridi mita 1, na hiyo inafaa. Waweza pia kugeuza: gauni zima la waridi, na nyekundu katika kola, mfuko, na vifungo tu. Kwa mwenye umri mkubwa asiyependa kelele, napendekeza damu ya mzee na waridi iliyopauka. Rangi hizo zimeachana mbali kwa uzito, moja nzito na moja nyepesi, na ndiyo maana hutulia. Zinazosumbua ni zile zilizokaribiana: nyekundu hafifu kidogo na waridi kali kidogo. Hapo mtu atadhani ulitaka kulinganisha ukakosea.

Njia nyingine ya salama ni kutafuta kitenge ambacho ndani ya maua yake nyekundu na waridi zote zimo. Mchoraji wa kiwanda amekwisha kukufanyia kazi ya kupatanisha. Kata kilemba au mkanda katika kitenge hicho, na rangi nyingine mbili zitatulia.

Heroe wa Ziwa Manyara, wale ndege wa miguu mirefu ambao wengi huwaita flamingo, wamevaa hivyo hivyo. Mwili wake ni waridi hafifu. Akifungua bawa, utaona manyoya mekundu yaliyokolea, machache tu. Na mdomo wake una damu ya mzee na ncha nyeusi. Rangi yote hiyo inatokana na chakula chake cha ziwani, na ndiyo sababu zote ni za ukoo mmoja. Vifaranga vyake ni vya kijivu. Kila mwaka watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kumtazama, na sisi tuliopo jirani twasema nyekundu na waridi hazipatani!

Sasa nyanyueni kalamu. Haya yafuatayo ni ya kuandika, maana ndiyo yanayookoa fedha.

Nunua mita zote kutoka jora moja. Kiwandani kila beseni la rangi hutoka na tofauti kidogo. Ukinunua mita 20 leo na 4 wiki ijayo, zile 4 zaweza kuwa nyekundu nyingine. Katika picha ya harusi akina mama wawili watasimama wakiwa tofauti na wenzao, na watu wataanza kutafuta sababu.

Pima kuchuja kabla ya kukata. Lowesha kitambaa cheupe, kisugue kwa nguvu juu ya ile nyekundu, au kiweke juu yake upige pasi ya moto. Kikitoka cheupe, shukuru. Kikitoka na waridi, basi nyekundu ile inachuja, na ukiishona pamoja na waridi itaijaza madoa. Watu wengi hutia chumvi majini wakiamini itafunga rangi. Chumvi haiwezi kutengeneza kazi ambayo kiwanda hakikuifanya. Linalosaidia ni kukiosha kitambaa chekundu peke yake kwa maji baridi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka maji yawe safi. Ile rangi iliyozidi itoke kabla haijakutana na jirani yake. Maji yakikataa kusafika, usikishone na waridi. Kishone peke yake. Kuosha huko kuna faida nyingine: pamba hujikunja majini, na ni heri ijikunje kabla ya kukatwa kuliko baada ya harusi.

Anika kivulini. Jua hula rangi zote, lakini waridi huonekana kuliwa mapema, kwa sababu rangi iliyomo ni kidogo tangu mwanzo. Mkono wa gauni utapauka, kifua kibaki chekundu, na ule ukoo mlioutafuta kwa taabu utakuwa umepotea. Geuza nguo ndani nje unapoianika.

Mwalimu wa darasa, redio itakapozimwa, waombe wanafunzi wahesabu: kama akina mama wangekuwa 15 badala ya 12, mita za nyekundu ni ngapi, na za waridi ni ngapi? Na katika mkutano wenu ujao kila mmoja aje na vipande viwili vya masalio, kimoja chekundu na kimoja cha waridi, vya ukubwa wowote. Vitandazeni nje juu ya shuka jeupe, mvigawe katika koo mbili. Mtabishana, na ni vizuri mbishane. Vile vitakavyowashinda, vitunzeni katika bahasha. Somo lijalo tutapima bega na shingo, na mwishoni nitatenga dakika tano kuzungumza juu yavyo.

Kwa herini.